Breki Inayokaa Imekamata: Jinsi Viini vya Ndani ya Ubongo Vinavyoongoza Mwili

Lori la mizigo likiegeshwa usiku, dereva akavuta breki ya maegesho, upepo unatoka kwa sauti kali na magurudumu ya nyuma yanakamatwa. Kinachoyakamata si upepo. Ni springi nzito iliyomo ndani ya chemba ya breki, ambayo kazi yake ya siku zote ni kukaba. Kazi ya upepo ni kuisukuma springi irudi nyuma ili gurudumu liachiwe. Ndiyo maana mfumo ukivuja hadi upepo ukaisha, lori linakwama palepale hata kama injini inanguruma.

Ubongo unaongoza mwili kwa mtindo wa springi hiyo. Chini kabisa ya lile gamba la nje lenye mikunjo kuna kundi la viini ambalo wataalamu huliita basali ganglia. Watu wengi husema viini hivi ndivyo vinavyoanzisha mwendo. Sivyo. Amri ya kunyanyua mkono hutoka kwenye gamba la ubongo, ikashuka kupitia shina la ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Viini vya ndani vinashikilia breki ya mijongeo yote muda wote, kisha vinaiachia kwa ule mmoja unaotakiwa, kwa wakati wake. Ukilishika hili, utaelewa kwa nini mzee mwenye Parkinson, ugonjwa unaoufanya mwili uwe mzito kujongea, anakwama mlangoni, kwa nini binti aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika anapindika shingo, na kwa nini mtoto aliyezaliwa mzima, kisha akapata umanjano mkali, anaweza kukua huku mikono yake ikijinyonganyonga yenyewe.

Vilipo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400 hivi. Ukikatwa wima, kutoka sikio moja hadi la pili, sehemu mbili za rangi zinaonekana wazi: ukanda wa kijivu pembeni, ambao ndio gamba, na weupe mwingi ndani yake, ambao ni nyaya za seli za neva. Katikati ya weupe huo, kulia na kushoto, yanatokeza mabonge ya kijivu. Hayo ndiyo tunayoyazungumzia, na kila upande wa ubongo una seti yake, inayohudumia upande wa pili wa mwili.

Bonge la juu, lililojikunja kama mundu, ni kaudeti, maana yake "yenye mkia". Kichwa chake kinene kimeegemea uwazi wenye maji ulio ndani ya ubongo, na mkia wake unazunguka nyuma, ukashuka na kurudi mbele kuelekea usawa wa sikio. Upande wa nje wa kaudeti kuna putameni, neno la Kilatini lenye maana ya ganda. Kati ya viwili hivi unapita mkanda mweupe wa nyaya uitwao kapsuli ya ndani. Mkanda huo ukumbukwe, maana tutaurudia kwenye kiharusi. Nyuzi za kijivu zinavuka mkanda huo kuunganisha kaudeti na putameni, zikaacha mistarimistari, na ndipo kaudeti na putameni kwa pamoja zikaitwa striatamu, yaani yenye mistari. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliielezea sehemu hii katika kitabu chake cha anatomia ya ubongo cha mwaka 1664.

Ndani zaidi ya putameni kuna globasi palidasi, "mpira uliopauka", uliopauka kwa sababu nyaya nyingi zenye ala ya mafuta hupita humo. Ina sehemu mbili, ya nje na ya ndani, na tofauti yake ni kubwa: ya nje ni karani wa katikati, ya ndani ndiyo mlango wa kutokea. Katikati ya ubongo kuna thalamasi, bonge linalopitisha ujumbe kwenda kwenye gamba. Chini ya thalamasi kuna kiini kidogo chenye umbo la dengu na ukubwa wa punje ya kahawa, kiitwacho kiini cha sabthalamasi. Kwa udogo wake, hakuna kiini kingine katika kundi hili kinacholeta kishindo kama hiki kikiharibika.

Mwisho kuna substansia nigra, dutu nyeusi. Hii haiko pamoja na wenzake. Iko chini, kwenye ubongo wa kati. Ukikata sehemu hiyo kwa mlalo unaona, kwa jicho tupu, mistari miwili iliyopinda, myeusi kama masizi, mmoja kila upande. Weusi huo ni rangi iitwayo neuromelanini, inayojikusanya kadiri umri unavyokwenda ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, moja ya kemikali ambazo seli za neva hutumia kupeana ujumbe. Katika ubongo wa mtu aliyefariki akiwa na Parkinson, mistari hiyo imepauka, mara nyingine isionekane kabisa. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akiandika tasnifu yake jijini Paris, alionyesha kwamba hapo ndipo ugonjwa huo unapotafuna. Ilichukua miaka 40 zaidi kujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kinapotea.

Safari ya kikombe cha chai

Chukua kikombe kilichoko mezani. Kabla hujaamua lolote, seli za globasi palidasi ya ndani zinafyatua mapigo kwa kasi, kiasi cha 60 hadi 80 kwa sekunde, na kila pigo linamwaga kemikali iitwayo GABA juu ya thalamasi. GABA ni neno la "tulia". Thalamasi ikitulizwa hivyo haiwezi kulichochea gamba la ubongo, na mwili unakaa kimya. Springi imekaba.

Sasa unakitaka kikombe. Gamba la ubongo linaandaa mpango na kupeleka nakala yake kwenye striatamu. Seli za striatamu ni za ajabu kidogo: kwa kawaida ziko kimya karibu kabisa. Kila moja inapokea nyaya kutoka kwa maelfu ya seli za gamba, nayo haiamki kwa sauti moja wala mbili. Huamka pale sauti nyingi zinapofika kwa pamoja. Zikiamka, nazo zinamwaga GABA, safari hii juu ya globasi palidasi ya ndani. Seli za palidasi zinazoshikilia mjongeo ule wa mkono zinanyamaza kwa sehemu ya sekunde. Thalamasi inaachiwa, gamba linapata nguvu, mkono unakwenda.

Angalia kilichofanyika: kizuizi kimezuiwa. Hasi mara hasi imetoa chanya. Njia hii inaitwa njia ya moja kwa moja, na ndiyo upepo unaosukuma springi.

Lakini ukiachia breki ya mkono wote kwa mkupuo, bega litaruka, kiwiko kitajipinda na chai itamwagika. Kwa hiyo kuna seli nyingine za striatamu, zilizochanganyika na zile za kwanza kiasi kwamba kwa darubini ya kawaida huwezi kuzitofautisha, zinazopitia mzunguko mrefu. Hizi zinaizima globasi palidasi ya nje. Palidasi ya nje, siku zote, ndiyo inayokituliza kiini cha sabthalamasi. Ikizimwa, kiini hicho kinapata uhuru na kuichochea palidasi ya ndani kwa glutameti, kemikali ya "nenda". Palidasi ya ndani ikichochewa, breki inakaza. Njia hii isiyo ya moja kwa moja inakaza breki kwa mijongeo jirani isiyotakiwa, wakati ule mmoja unaotakiwa unaachiwa. Vidole vinafunguka, bega linatulia.

Ipo na njia ya tatu, fupi kuliko zote: gamba la ubongo linazungumza na kiini cha sabthalamasi bila kupitia striatamu. Hii ni breki ya dharura. Umeshanyanyua mguu kuvuka barabara, bodaboda inachomoza upande usioutazamia, mguu unasimama hewani kabla hujafikiri. Breki hiyo haichagui, inakamata vyote.

Dopamini inaingia wapi? Inamwagwa kwenye striatamu na nyaya zinazopanda kutoka substansia nigra, na inasema maneno mawili tofauti kwa wasikilizaji wawili. Seli za njia ya moja kwa moja zina vipokezi, yaani vituo vya kuipokelea, vya aina ya D1, na dopamini inazichangamsha. Seli za njia ndefu zina vipokezi vya D2, na dopamini inazipooza. Matokeo ni mamoja kwa njia zote mbili: breki inalegea. Dopamini, kwa lugha ya lori, ndiyo kompresa inayojaza tangi la upepo. Haigusi gurudumu lolote, lakini bila yake hakuna gurudumu litakaloachiwa.

Mfano wa lori una mpaka wake. Lori lina magurudumu machache, na viini hivi vinachagua kati ya mijongeo isiyohesabika. Tena havishughuliki na mikono na miguu tu. Mwaka 1986 Garrett Alexander, Mahlon DeLong na Peter Strick walieleza kwamba kuna mizunguko kadhaa inayokwenda sambamba ndani ya viini hivihivi: mmoja wa viungo, unaopita zaidi kwenye putameni, mwingine wa macho, mwingine wa mipango na fikra, unaopita kwenye kaudeti, na mwingine wa hisia na hamu, kwenye sehemu ya chini ya striatamu. Ndiyo sababu ugonjwa wa viini hivi hauishii kwenye viungo. Mgonjwa anaweza kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na ndugu wakadhani amekuwa mvivu.

Upepo ukiisha

James Parkinson, daktari wa London, aliuelezea ugonjwa uliochukua jina lake mwaka 1817. Kinachotokea ni kifo cha polepole cha seli zile nyeusi. Zinazoanza kupotea ni hasa zile zinazohudumia sehemu ya nyuma ya putameni, sehemu ya viungo. Ubongo unafidia kwa miaka, na dalili ya kwanza inapoonekana, kiasi cha nusu ya seli hizo zimeshakwenda na dopamini ndani ya putameni imepungua zaidi ya hapo. Njia ya moja kwa moja inakosa msukumo, njia ndefu inakosa wa kuipooza, na zote mbili zinasukuma palidasi ya ndani ifyatue kupita kiasi.

Dalili zinafuata kama hesabu. Kubwa ni uzito wa kuanza na kupungua kwa mjongeo unaorudiwarudiwa. Ipime hivi: mwambie mtu agonganishe kidole gumba na cha shahada mara 10, kwa upana na haraka awezavyo, mkono mmoja kwa wakati. Mzee mzima atakuwa polepole, lakini pigo la kumi litakuwa na upana wa lile la kwanza. Mwenye Parkinson anaanza vizuri, kisha vidole vinazidi kukaribiana, vinasita, vinakwama. Mwandiko unakwenda vivyo hivyo: neno la kwanza la mstari kubwa, la mwisho dogo kama mchanga. Kutetemeka, ambako ndiko watu wengi hukutazama, si lazima kuwepo. Kukiwepo, ni kwa mkono uliopumzika pajani, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba kikisugua vingine kama mtu anayesokota uzi, na kunapungua akinyoosha mkono kuchukua kitu. Mkono unaotulia pajani lakini unatetemeka zaidi kadiri unavyokaribia kikombe unaelekeza kwingine: tatizo liko kwenye ubongo mdogo wa kisogoni au njia zake. Ugonjwa pia huanza upande mmoja. Mkono mmoja usiopunga wakati wa kutembea ni dalili ya mapema inayopitwa na wengi.

Na kweli inapitwa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, uliwapata watu 33 wenye Parkinson kati ya wakazi zaidi ya 160,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walihesabiwa kuwa wamezeeka tu.

Hilo linauma, kwa sababu huu ni mmoja wa magonjwa machache ya ubongo ambayo kidonge kinaweza kumnyanyua mtu kitini. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyokausha dopamini wakalala bila kujongea, kisha akawachoma levodopa wakainuka. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, wakiwa Vienna, walipima ubongo wa wagonjwa waliofariki na kukuta striatamu haina dopamini ya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikimezwa kwa kiasi kinachoongezwa taratibu inafanya kazi vizuri.

Kwa nini levodopa, isiwe dopamini yenyewe? Kwa sababu dopamini haivuki ukuta unaotenga damu na ubongo. Levodopa inavuka, kisha inageuzwa ndani kuwa dopamini. Tatizo ni kwamba ukiimeza peke yake, sehemu kubwa inageuzwa tumboni na kwenye damu kabla ya kufika, na mgonjwa anatapika. Ndiyo maana kidonge huja na kabidopa, inayozuia ugeuzaji huo nje ya ubongo tu. Kidonge cha kawaida kina miligramu 25 za kabidopa na 100 za levodopa, au 25 kwa 250. Kabidopa inahitajika kiasi cha miligramu 70 hadi 100 kwa siku ili kinga hiyo ikamilike; mgonjwa anayepewa kidonge kimoja au viwili kwa siku halafu akapata kichefuchefu huenda anaumizwa na uchache wa kabidopa, si na wingi wa dawa.

Chakula nacho kina neno. Levodopa ni asidi amino, jamii ileile ya vijenzi vya protini, na inavuka utumbo na ukuta wa ubongo kwa mlango uleule unaotumiwa na asidi amino za nyama, maharage na maziwa. Ikimezwa juu ya sahani ya maharage inabaki kwenye foleni. Imezwe kwa maji dakika 30 hivi kabla ya kula, au saa 1 hadi 2 baadaye. Vidonge vya madini ya chuma vinaishika levodopa tumboni. Vitenganishwe kwa saa 2 au zaidi. Na kosa la hatari kuliko yote ni kuikatisha ghafla kwa sababu dawa zimeisha dukani au mgonjwa amelazwa kwa shida nyingine: mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, akili ikachanganyikiwa, na watu hufa kwa hali hiyo.

Watu huuliza juu ya upupu. Ndiyo, upupu huuhuu unaowasha. Kinachowasha ni manyoya ya ganda. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, kwa kawaida asilimia chache za uzito wake. Dawa imo, hilo si uzushi. Lakini kiasi kinatofautiana mmea hadi mmea na namna ya kuandaa, kabidopa haimo, na anayechanganya unga wa mbegu na vidonge vya hospitali bila daktari kujua anaweza kujizidishia dozi asijue kwa nini mwili umeanza kucheza wenyewe. Maana hilo nalo hutokea: baada ya miaka ya matumizi, kila dozi ikifika kileleni mwili unaweza kuyumbayumba na kujipinda. Breki imelegezwa mno.

Kundi jingine la dawa, kama pramipeksoli na ropiniroli, huiga dopamini na kugonga vipokezi moja kwa moja. Hufanya kazi, ila huugusa pia ule mzunguko wa hamu. Mtu ambaye hajawahi kubeti anaweza kuanza kumaliza pensheni kwenye mikeka ya mpira. Familia iulize mapema, kwa upole, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huficha, na tabia hiyo kwa kawaida hupungua dozi ikipunguzwa na daktari.

Breki ikikatika

Upande wa pili ni mwili usiotulia. Kiini cha sabthalamasi kikipata kiharusi kidogo, palidasi ya ndani inapoteza mchochezi wake, na mkono na mguu wa upande wa pili vinaanza kurushwa kwa nguvu kama vya mtu anayetupa mawe, saa kwa saa, vikitulia usingizini tu. Ukikutana na hali hiyo, pima sukari kwanza. Sukari ya damu iliyopanda sana kwa mtu mwenye kisukari inaweza kuvuruga striatamu na kuleta picha ileile, na ikishushwa, wengi hupata nafuu.

Ugonjwa wa Huntington, uliopewa jina la George Huntington aliyeuandika mwaka 1872, unaharibu kaudeti na putameni. Chanzo ni herufi tatu za jeni, CAG, zilizojirudia kupita kiasi kwenye kromosomu ya 4. Jeni yenyewe iligunduliwa mwaka 1993. Mtu mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akijaliwa umri, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Seli zinazoanza kufa ni zile za njia ndefu, zile za kukaza breki kwa majirani, ndiyo maana mgonjwa huanza na mijongeo midogo isiyo na mpango inayoruka kutoka kidoleni hadi begani hadi usoni, kama ngoma isiyo na mdundo. Baadaye njia zote zinakufa, na mwili uleule uliokuwa ukicheza unakakamaa.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kila siku ni ule wa dawa. Haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili hufunga vipokezi vya D2. Metoklopramidi ya kutapika nayo hufunga vilevile, na huuzwa kama kitu cha kawaida. Kijana, hasa binti au mtoto, anaweza kunywa vidonge viwili vitatu au kuchomwa sindano moja, na ndani ya saa chache au siku chache shingo ikapinda, taya likakaza, ulimi ukatoka, macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Ana fahamu zake zote na anaogopa. Watu wanamkimbiza kwa maombi wakidhani amepagawa. Anachohitaji ni sindano ya dawa kama biperideni au difenhidramini, na mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 30 shingo inarudi. Kisha aendelee na vidonge, kwa mfano vya benzheksoli, kwa siku chache, kwa sababu dawa iliyomdhuru bado imo mwilini na hali inaweza kurudi. Jina la dawa hiyo liandikwe kwenye daftari lake la kliniki.

Mwenye Parkinson asipewe metoklopramidi kabisa; inafunga kile levodopa inachojaribu kufungua. Domperidoni, ambayo haivuki kirahisi kwenda kwenye ubongo, ndiyo hutumika badala yake, kwa uangalizi wa moyo.

Kwa nini sumu hupenda kufika huku

Viini hivi vinakula oksijeni na sukari nyingi, na mishipa yake ya damu ni myembamba. Inachomoza kwa pembe ya wima kutoka kwenye mshipa mkubwa na kupokea kishindo cha presha bila kupunguziwa. Kwa mwenye presha isiyotibiwa, putameni ni mahali ambapo mshipa hupasuka mara nyingi kuliko pengine. Damu ikimwagika hapo inaisukuma kapsuli ya ndani, ule mkanda mweupe tuliousema, na kwa kuwa nyaya za uso, mkono na mguu zimebanana humo kama abiria wa daladala, bonge dogo la damu linapoozesha upande mzima wa mwili.

Jiko la mkaa likilazwa ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi, gesi ya kaboni monoksidi inaishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Wanaookolewa wanaweza kupigwa picha ya ubongo ikaonyesha madoa mawili yanayofanana, kulia na kushoto, juu ya globasi palidasi. Wengine huamka wazima, kisha wiki chache baadaye wanaanza kuzubaa, kujongea polepole na kushindwa kuzuia haja ndogo. Pombe haramu yenye methanoli hupiga putameni pamoja na neva za macho, na aliyenusurika anaweza kubaki kipofu na mwenye kukakamaa.

Kwa watoto, adui ni bilirubini, rangi ya njano inayotokana na chembe za damu zilizovunjika. Umanjano wa kawaida wa siku chache za mwanzo hauna shida, lakini bilirubini ikipanda sana inavuka kuingia kwenye ubongo na kutua hasa kwenye globasi palidasi na kiini cha sabthalamasi, pamoja na njia za kusikia. Mtoto anakuwa mlegevu, ananyonya kwa udhaifu, kisha analia kwa sauti nyembamba na kujipinda nyuma kama upinde. Akipona anabaki na mijongeo ya kujinyonga na mara nyingi uziwi, huku akili yake inaweza kuwa nzima kabisa. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura siku zote. Kwa ngozi nyeusi usitazame uso. Tazama weupe wa macho na fizi, au bonyeza ngozi ya pua na kifua kwa kidole uone rangi inayobaki. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ulioenea katika maeneo yenye malaria ukiwemo mwambao wetu, huongeza hatari, na nguo za mtoto zilizohifadhiwa na vidonge vya nafthalini vya kufukuza nondo zinaweza kuvunja chembe zake za damu. Kinachoshusha bilirubini ni mwanga wa buluu wa hospitali kwa saa nyingi mfululizo, na hali ikiwa mbaya, kubadilisha damu. Kumwanika juani dakika 10 asubuhi hakutoshi, na siku mbili za kusubiri jua ndizo siku ambazo palidasi inaharibika.

Waya ndani ya punje ya kahawa

Mwaka 1990 Hagai Bergman, Thomas Wichmann na DeLong waliripoti jambo lililoipa nguvu hoja ya breki. Waliwapa nyani sumu ya MPTP inayoua seli za dopamini, wakawa na Parkinson, kisha wakaharibu kiini cha sabthalamasi. Nyani wakaanza kujongea tena. Mwaka 1993 huko Grenoble, Ufaransa, timu ya Alim-Louis Benabid ilianza kuingiza waya kwenye kiini hicho kwa binadamu. Waya una unene wa milimita 1.3 hivi na vituo vya umeme kwenye ncha, umeunganishwa na betri iliyopandwa chini ya ngozi ya kifua, na hupeleka mapigo kama 130 kwa sekunde. Huwafaa wale ambao levodopa bado inawasaidia lakini nafuu yake imekuwa ya kupanda na kushuka; ukiacha mtetemeko, kisichotulizwa na levodopa kwa kawaida hakitulizwi na waya.

Hapa kuna fumbo ambalo hesabu ya breki peke yake haijibu. Daktari akiunguza palidasi ya ndani, yaani akiondoa sehemu ya springi yenyewe, ungetegemea mwili uanze kurukaruka. Haurukiruki. Mijongeo ya ziada iliyoletwa na levodopa ndiyo inayopungua. Maana yake si wingi wa mapigo pekee unaohesabika. Mpangilio wake pia. Katika Parkinson seli za kiini cha sabthalamasi na palidasi zinaanza kufyatua kwa pamoja, kwa mawimbi ya mara 13 hadi 30 kwa sekunde, kama umati unaopiga makofi kwa mdundo mmoja hadi hakuna anayesikia anayezungumza. Levodopa hutuliza mawimbi hayo. Waya nao huyavuruga. Kuunguza huondoa kelele yenyewe, na ubongo unafanya kazi vizuri zaidi bila ujumbe kuliko kwa ujumbe uliovurugika.

Ipo pia njia ya pembeni ambayo haihitaji upasuaji wala shilingi. Mgonjwa aliyekwama mlangoni, miguu kama imegandishwa sakafuni, mara nyingi anaweza kupita akiwekewa kitu cha kuvuka. Mwendo unaoanzishwa na jicho hutegemea zaidi sehemu ya gamba la ubongo inayofanya kazi na ubongo mdogo, na hauitegemei sana putameni iliyokauka. Bandika sakafuni vipande vya utepe wa rangi inayopingana na sakafu, vikatize njia, viachane kwa urefu wa hatua yake, kuanzia kabla ya mlango hadi baada yake, na pia mbele ya choo na kitanda. Kama hakuna utepe, msaidizi aweke mguu wake wima mbele ya mguu wa mgonjwa na kumwambia auvuke. Usimvute mkono: mwili utakuja mbele, miguu itabaki, ataanguka. Mwambie asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, ahesabu moja, mbili, tatu, kisha anyanyue goti juu kama anayepanda ngazi.